Kurekodi albamu ya kwanza studio: kuanzia demo za simu hadi masta

Anayeingia studio kwa mara ya kwanza hutegemea kwamba muda utaliwa na kupiga na kuimba. Kwa kawaida huliwa na mabishano ambayo yangemalizwa mazoezini: wimbo uwe kwenye ufunguo gani (noti ya msingi ya wimbo), kiitikio kirudiwe mara ngapi, solo iishie wapi, nani anashika sauti ya pili. Saa ya studio inalipiwa bei ileile, mnarekodi au mnabishana. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla maiki haijawashwa.

Kabla ya kulipia saa ya kwanza

Kwa albamu ya nyimbo 10, tunga 14 au 15. Zirekodi zote kwa simu mkiwa mazoezini, ziache wiki nzima, kisha zisikilize ukiwa huna ala mkononi. Ule wimbo ambao kidole kinakimbilia kuuruka, utoe, hata kama ulikutoa jasho kuutunga. Kubeba wimbo dhaifu hadi studio kunakula siku za nyimbo nzuri.

Kila wimbo uliobaki uwe na karatasi yake: jina, ufunguo, tempo (kasi ya wimbo) kwa midundo ya dakika moja, na mpangilio wake wote (utangulizi mizunguko miwili ya kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ubeti minne, kiitikio mara mbili, na kuendelea). Fundi sauti apewe nakala. Akiambiwa "turudi ubeti wa pili," aende moja kwa moja, asianze kutafuta.

Tempo isichaguliwe na mpiga dramu peke yake, kwa sababu bendi ikishapata moto mazoezini hukimbia bila kujua. Achague mwimbaji, tena kwa kuimba ubeti wenye maneno mengi kuliko yote. Akianza kumeza silabi, punguza midundo miwili au mitatu kwa dakika. Tofauti ya 96 na 99 kwenye karatasi ni ndogo, lakini mapafu yanaijua. Ufunguo nao upimwe kwa noti ya juu kabisa ya kiitikio, iimbwe baada ya saa nzima ya mazoezi, koo likiwa limeshachoka. Siku ya kurekodi kiitikio hicho kitaimbwa mara nyingi, na mwimbaji anayeifikia noti kwa kukunja uso mara ya kwanza hataifikia mara ya nane. Shusheni nusu toni au toni nzima mapema. Kwenye studio, wapiga gitaa watakuwa wameshazoea mkao wa vidole na kubadilisha kutakuwa ugomvi.

Kama mtapiga na kliki (mlio wa kuhesabu mdundo kwenye hedifoni), mpiga dramu afanye nayo mazoezi kwa wiki mbili angalau. Kliki ndiyo inayowezesha kukata teki (upigaji mmoja wa wimbo) ya pili na kuiunga na ya tano bila mshono kusikika, na ndiyo inayorahisisha kuongeza tumba au kinanda mwezi ujao. Lakini wimbo unaopumua, unaopungua kasi kwenye beti na kuchanganya kwenye kiitikio, usiufunge kamba. Pigeni wote kwa pamoja bila kliki, na mkubali kwamba teki nzuri itatumika ikiwa nzima.

Karatasi nyingine haina muziki ila ina uzito zaidi: nani katunga nini. Andikeni asilimia za kila wimbo, jumla ifike 100, wote wasaini kabla ya kurekodi. Mpiga ala wa kukodi aandikiwe kama analipwa mara moja au anabaki na fungu. Kwenye makubaliano na studio iandikwe kwamba mkishamaliza malipo, rekodi za masta (nakala za mwisho zilizokamilika) na mafaili yote ya mradi ni mali yenu. Mambo haya yanazungumzika kirahisi wakati wimbo haujaingiza chochote.

Ala ziwe tayari

Nyuzi za gitaa zibadilishwe siku moja kabla, zivutwevutwe, zityuniwe tena na tena mpaka zitulie. Nyuzi zilizofungwa asubuhi ya kurekodi zitakimbia tyuni kila teki. Za besi zinaweza kubaki zile za zamani kidogo kama mnataka sauti ya mviringo, ila zikishakufa kabisa hakuna ikwalaiza (kirekebishi cha uzito na ukali wa sauti) itakayozifufua. Ngozi za dramu zibadilishwe siku moja au mbili kabla.

Pimeni pia kitu ambacho tyuna haikionyeshi kwa nyuzi wazi: bonyeza uzi kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni) ya 12 uone kama noti inalingana na ile ya uzi wazi, oktavu moja juu. Kama ya freti ya 12 imepanda au imeshuka, gitaa hilo litalia vizuri kodi za chini na kupotoka kila mkono unapopanda. Mpelekee fundi arekebishe daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa. Wakati wa onyesho kasoro hiyo hupita. Kwenye hedifoni itawasumbua albamu nzima.

Begi la siku ya kwanza liwe na seti mbili za nyuzi, vijiti jozi tatu au nne, betri za volti 9, fyuzi za amplifaya, kebo za akiba na mafuta kidogo ya mashine. Mafuta ni ya pedali ya dramu na kiti cha mpiga dramu. Mlio wa chuma ambao hamjawahi kuusikia mkiwa mazoezini, maiki itausikia.

Kupanga siku

Bendi ya watu wanne yenye nyimbo 10 na iliyofanya mazoezi vizuri inaweza kujipangia hivi: nusu siku ya kufunga maiki na kutafuta sauti ya dramu, siku tatu za dramu na besi kwa nyimbo tatu au nne kila siku, siku tatu za magitaa na kinanda, siku sita hadi nane za sauti, pamoja na waitikiaji, kisha takribani siku moja kwa kila wimbo kwenye miksi (kuchanganya ala na sauti zote ziwe wimbo mmoja). Msanii anayeimba juu ya mdundo uliokwisha tengenezwa atafuta siku za mwanzo, ila siku za sauti na miksi zinabaki palepale. Fedha zikipungua, punguza siku za gitaa. Kosa la kawaida ni kupunguza siku za sauti kwa sababu ndizo zinazokuja mwisho, na msikilizaji husikia sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Ulizeni kama mitambo itaachwa kama ilivyo usiku kucha. Studio ikipokea watu wengine jioni, maiki za dramu zitafunguliwa, na sauti ya wimbo wa nne haitafanana na ya wimbo wa tatu hata mkirudisha kila kitu kwa picha.

Dramu na besi

Tyuni dramu kwanza, maiki baadaye. Tomu (dramu ya kati) ikipigwa, kisha nyaya zilizo chini ya snea (dramu ya mlio mkali) zikatetema, pandisha au shusha moja kati ya hizo mbili kidogo zisigombanie noti moja. Maiki ya snea ikae sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo, ielekee katikati ya ngozi. Ya kiki (dramu kubwa ya mguu) ikiingizwa ndani karibu na panapogonga nyundo hutoa mlio mkali wa kugonga. Ikivutwa kuelekea tundu la ngozi ya mbele hutoa uzito. Isogeze kwanza, vitufe baadaye.

Maiki mbili za juu ya matoazi zinahitaji kamba. Shika ncha ya kamba katikati ya snea, pima hadi maiki ya kushoto, kisha hadi ya kulia: urefu uwe sawa. Sauti husafiri takribani sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo maiki moja ikiwa mbali zaidi, mpigo mmoja wa snea utafika mara mbili kwa nyakati tofauti na sehemu ya sauti hiyo itajifuta yenyewe. Snea iliyokuwa nene chumbani inatoka kama bati. Kwa kuhakikisha, sikilizeni dramu zote kwa mono (zikitoka kama sauti moja, bila kushoto na kulia), kisha mwambie fundi ageuze fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) ya maiki moja baada ya nyingine. Upande unaoleta uzito zaidi wa chini ndio sahihi.

Viwango vya kuingiza sauti visipandishwe kwa pupa. Mkirekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa rekodi), vilele vikicheza kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita vinatosha kabisa. Mpiga dramu hugonga kwa nguvu zaidi wimbo ukishaanza kuliko alipokuwa anajaribiwa, kwa hiyo mwachieni nafasi. Sauti iliyogonga dari la dijitali na kupasuka haiponi. Chagueni kilohezi 44.1 au 48 (maelfu ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa sekunde) mwanzoni na mbaki hapo albamu nzima: faili la 44.1 likifunguliwa kwenye mradi wa 48 bila kubadilishwa, wimbo hukimbia na kupanda karibu robo tatu ya toni, na mtu anaweza kurekodi gitaa zima juu yake kabla ya kugundua.

Halafu kuna kliki inayovuja. Mpiga dramu huomba iongezwe, iongezwe tena, na hakuna anayeona ubaya kwa sababu wakati wa wimbo dramu zinaifunika. Ubaya hujitokeza mwishoni: tuazi la mwisho linafifia polepole, na chini yake inasikika tiki, tiki, tiki iliyoingia kwenye maiki za juu. Tumia hedifoni zilizozibwa, na fundi aizime kliki mara tu pigo la mwisho linapotua.

Wakati dramu zinarekodiwa, mwimbaji aimbe sauti ya kuongoza ndani ya chumba kingine, hata kama itafutwa. Mpiga dramu anayesikia maneno hujua wapi apunguze.

Besi ipite njia mbili kwa pamoja: waya wa moja kwa moja kupitia kisanduku cha DI (cha kuunganisha ala kwenye mitambo bila maiki), na maiki mbele ya amplifaya. Ya maiki itachelewa kidogo kwa sababu ya umbali, kwa hiyo fundi azipange zianze pamoja kabla hamjaendelea. Tyuni kila baada ya teki, tena kwa nguvu ileile ya kupigia. Uzi mnene ukipigwa kwa nguvu hupanda, na aliyetyuni kwa kugusa taratibu atakuwa juu wimbo mzima.

Magitaa

Gitaa kavu liwekewe maiki ya kondensa sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapoungana na mwili. Wengi huielekeza kwenye tundu na kupata mvumo mtupu. Gitaa la umeme: maiki ya dainamiki sentimita 2 hadi 5 mbele ya spika. Katikati ya koni sauti ni kali, pembeni ni laini, na kila sentimita mbili zinabadilisha mambo kuliko ikwalaiza. Punguza ukwaruzo chini ya ule wa jukwaani, kwani ukishapanga gitaa mbili tatu, ukwaruzo unajumlishwa na kuwa ukungu. Ukitaka gitaa pana kushoto na kulia, lipigwe mara mbili kweli. Kunakili teki moja na kuiweka pande zote mbili kunaleta sauti ileile katikati, kubwa zaidi tu.

Mpigaji akilalamika kwamba "kompyuta inanichelewesha," msikilize. Bafa (sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli 128 kwa kilohezi 48 ni takribani sehemu 3 za elfu za sekunde kwa kwenda; ya 1024 ni zaidi ya sehemu 21 za elfu, na hapo hakuna anayeweza kukaa kwenye mdundo. Bafa ndogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kumiksi.

Sauti

Wekeni vipindi vya sauti mchana au jioni, koo likiwa limeamka, saa mbili hadi tatu zenye mapumziko. Wimbo mmoja kwa siku ni kasi ya heshima, miwili ni mwisho. Maji yawe ya kawaida, yasiwe ya baridi. Sauti ikikwaruza, ahirisha, na mwimbaji anyamaze kabisa, kunong'ona hakumpumzishi.

Umbali wa kuanzia ni shibiri moja kutoka maiki, kichujio cha kitambaa kikiwa katikati. Ukisogea karibu zaidi, maiki huongeza uzito wa chini: inapendeza kwenye ubeti wa taratibu, inaziba kwenye kiitikio. Kwenye noti ya kupaza, rudi nyuma nusu hatua badala ya kugeuza uso, maana ukigeuza uso rangi ya sauti inabadilika pamoja na ukubwa wake. Zile "p" na "b" zinazopiga kishindo hupungua maiki ikipandishwa juu kidogo ya mdomo na kuinamishwa. Dawa hiyohiyo husaidia "s" zinazochoma. Bandika kipande cha tepu sakafuni kwenye vidole vya miguu, piga picha ya vitufe vyote, andika jina la maiki. Wiki ijayo mtataka kurudia mstari mmoja, na bila alama hizo mstari huo utasikika kama umeimbwa na mtu mwingine.

Mwimbaji anayeshuka chini ya noti aangaliwe hedifoni kabla ya kulaumiwa. Muziki ukiwa mkubwa masikioni, wengi huimba chini. Sauti yake mwenyewe ikiwa kubwa kuliko muziki, hukosa pa kushika. Punguza jumla, toa mwangwi mwingi, mwachie ala moja yenye kodi zilizo wazi, na upunguze besi. Kuvua sikio moja husaidia sana, ila sikio la hedifoni lililovuliwa libanwe kichwani au lizimwe, lisije likamwaga kliki ndani ya maiki.

Aimbe wimbo mzima mara nne au tano bila kukatizwa. Fundi anayesimamisha kila mstari hupata mistari safi isiyojuana. Wakati anaimba, mtu mmoja ashike karatasi ya maneno yenye safu kwa kila teki, na kila mstari aweke alama: nzuri, ya wastani, haifai. Mwisho wa teki ya tano karatasi yenyewe inaonyesha kwamba ubeti wa kwanza umeshapatikana kwenye ya pili, kiitikio kwenye ya nne, na mistari miwili haijapatikana popote. Hiyo miwili ndiyo irudiwe. Arudie kwa kuanza mistari miwili nyuma na kupitiliza mbele, ili pumzi iungane. Pumzi zenyewe zisifutwe zote: zishushwe zinapokuwa kubwa mno. Sauti isiyovuta hewa inamchosha msikilizaji bila yeye kujua kwa nini.

Programu ya kunyoosha noti itumike kwa mkono, noti moja moja iliyopotoka. Ikiwekwa juu ya wimbo mzima inanyoosha pia yale madoido na mitelezo ya makusudi, na anayeimba kwa madaha ndiye anayeumia zaidi. Kama unataka ule mlio wake kama mtindo, basi imba ukiwa unausikia kwenye hedifoni, uucheze.

Waitikiaji warekodiwe kila sauti mara mbili. Neno likiishia na "s" au "t", mmoja tu aitamke. Wengine waachie vokali. Watu wanne hawawezi kuifunga herufi hiyo kwa wakati mmoja.

Kila jioni, kabla ya kuzima taa, mradi unakiliwe kwenye diski mbili, na moja iondoke na nyinyi. Diski mbili zilizolala chumba kimoja hazijawasaidia kwa wizi wala moto.

Miksi na masta

Pumzikeni siku kadhaa kabla ya kumiksi. Mpeni fundi nyimbo mbili au tatu za wengine zenye sauti mnayoitaka, na wakati wa kulinganisha zishushwe zilingane na wenu, kwa sababu masikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kizuri. Sehemu kubwa ya kazi ifanyike kwa sauti ya chini, ile inayoruhusu kuongea bila kupaza. Hapo mwimbaji akipotea, kweli amepotea.

Maoni yaandikwe kwa dakika na sekunde: "1:42, gitaa la kulia linafunika neno la mwisho." Maoni ya aina ya "ipe uhai" hayamsaidii mtu. Mmoja ayakusanye, maana kila mpigaji ataomba ala yake iongezwe, na zikiongezwa zote hakuna iliyoongezeka. Kubalianeni raundi mbili au tatu za marekebisho na mziheshimu. Sikilizeni kwenye gari, kwenye spika ya simu, kwenye sikio moja. Besi ikipotea kwenye simu msiipandishe. Spika ndogo haiwezi kutoa noti hizo hata mfanyeje, kwa hiyo besi iongezewe ukali kidogo wa katikati ndipo itajitokeza.

Mpangilio wa nyimbo hauamuliwi kwa orodha ya majina. Cheza sekunde 15 za mwisho za wimbo mmoja na 15 za mwanzo za unaofuata, urefu wa ukimya kati yake uamuliwe hapo hapo kwa sikio.

Kwa masta, pelekeni WAV (mafaili ya sauti yasiyobanwa) za biti 24 zisizowekewa limita ya mwisho (kizuizi cha vilele), vilele vikiwa vimebakiza desibeli 3 hadi 6 kabla ya dari. Ni vizuri zaidi afanye mtu ambaye hakumiksi. Kubana wimbo hadi upige kelele kuliko wote hakulipi: Spotify, kwa mfano, husawazisha nyimbo kwenye takribani LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), hivyo ulichokibana kitashushwa na kubaki bapa. Kilele halisi kiishie desibeli -1. CD inataka kilohezi 44.1 na biti 16. Santuri ya mizunguko 33 inatulia vizuri na dakika 20 hivi kwa upande, na wimbo mkali wenye matoazi mengi usiwekwe mwisho wa upande, kwa kuwa mifereji ya ndani hupoteza ukali. Kila rekodi ipewe msimbo wake wa ISRC (namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi) wenye herufi na tarakimu 12, na majina ya watunzi yaandikwe sawasawa na ile karatasi ya asilimia.

Kabla ya kukabidhi funguo, dai miksi ya muziki mtupu, miksi ya sauti tupu, na miksi moja yenye sauti iliyopandishwa desibeli 1. Zitatakiwa kwa maonyesho na video, na kuzitengeneza upya mwaka ujao ni kulipia siku nyingine. Pamoja na faili la mradi, kila ala itolewe kama WAV inayoanzia sekunde sifuri, moja ikiwa na madoido yake na nyingine bila, na faili dogo la maandishi lenye tempo na ufunguo wa kila wimbo. Programu hubadilika na miradi ya zamani hugoma kufunguka, lakini WAV zilizoanzia sifuri zitapangika kwenye programu yoyote.